Nyumba kwa bei moja hadi funguo: tathmini ya mkataba, gharama zinapopanda

Mabango ya "bei moja hadi funguo" yamejaa kandokando ya Barabara ya Kangundo, Eastern Bypass na njia ya kwenda Kitengela, jijini Nairobi na viungani mwake. Ahadi ni ile ile: leta ploti, chagua ramani, lipa kiasi fulani kwa kila mita ya mraba, urudi kuchukua funguo. Tathmini hii haihusu kampuni moja. Inahusu bidhaa yenyewe, yaani ule mkataba wa kurasa tatu nne anaowekewa mteja atie sahihi, na tumeupima kwa swali moja: gharama ikipanda katikati ya mjengo, nani analipa, kiasi gani, na kwa ushahidi upi?

Kwa swali hilo, mkataba wa kawaida wa aina hii tunaupa 4 kwa 10. Ukiongezewa ukurasa mmoja wa masharti na mtaalamu wa kupima kazi, unafika 7. Kupita hapo ni vigumu, na kikwazo kikubwa kiko chini ya ardhi.

Tuseme nyumba ni bangalo ya mita za mraba 120 kwa shilingi 45,000 kila mita, jumla milioni 5.4. Hesabu zote humu zimejengwa juu ya nyumba hiyo ya mfano. Viwango ni vya kuonyesha njia tu. Weka vya kwako ufanye upya.

Kabla ya kuuliza kitakachopanda, hakikisha unajua bei ni ipi. Tafuta neno VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Mkandarasi ambaye mauzo yake ya mwaka yamefika shilingi milioni 5 anapaswa kusajiliwa na KRA, mamlaka ya mapato, kwa kodi hiyo, na kiwango ni asilimia 16. Mkataba ukinyamaza, au ukisema "bei kabla ya kodi", kuna shilingi 864,000 zinazosubiri kutokea kwenye ankara. Hapo hakuna gharama iliyopanda, ni bei iliyofichwa. Angalia pia kisichotajwa: tangi la maji taka au biodijesta kwa ploti ambazo hazijafikiwa na bomba, ukuta wa kuzunguka, geti, kabro, kuunganishiwa stima na maji, ada za kaunti. Mikataba mingi ya bei moja huishia kwenye kuta za nje za nyumba, na mteja hugundua hivyo paa likiwa tayari limeezekwa.

Sasa ardhi. Mashariki na kusini mwa jiji, kutoka Embakasi na Ruai hadi Syokimau na Kitengela, na baadhi ya sehemu za Lang'ata na Karen, juu kuna udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha. Sakafu ikiwekwa juu yake itanyanyuka na kupasuka, kwa hiyo udongo wote ulio chini ya nyumba huondolewa mpaka murram (udongo mgumu wa changarawe) au mwamba, kisha shimo hujazwa mawe na kushindiliwa. Kina chake hubadilika hata kati ya ploti mbili zinazopakana. Mkataba wa bei moja hulimaliza jambo hili kwa maneno sita: "kwa hali ya kawaida ya ardhi." Maneno hayo ndiyo mlango ambao nyongeza kubwa kuliko zote hupitia.

Chukua bei iliyokadiriwa kwa kina cha mita 1.2, halafu murram ipatikane mita 1.8. Mita 0.6 za ziada chini ya nyumba ya mita za mraba 120 ni mita za ujazo 72 za kuchimba, 72 za kubeba na kumwaga, na 72 za mawe ya kujazia baada ya kushindiliwa. Kuta za msingi nazo hurefuka: kama urefu wake wote, za nje na za ndani, ni mita 70, unaongeza mita za mraba 42 za ukuta wa mawe ya inchi 9. Kwa viwango vya mfano vya shilingi 400 kuchimba, 700 kubeba, 2,000 mawe ya kujazia na 2,200 kwa mita ya mraba ya ukuta, hesabu ni 28,800 na 50,400 na 144,000 na 92,400. Jumla shilingi 315,600. Dai la kiasi hicho ni halali. Dai la laki saba kwa shimo hilo hilo si halali, lakini mteja asiye na viwango vilivyoandikwa hana namna ya kuyatofautisha.

Mtego wa pili huwa kwenye kipimo. Udongo ukichimbwa huvimba: mita 72 zilizokuwa ardhini huwa kama 94 zikishapakiwa, takriban asilimia 30 zaidi. Kiwango cha kubeba kwenye BQ (orodha ya kazi, vipimo na bei zake) kwa kawaida ni cha udongo ukiwa bado ardhini, na uvimbe huo umeshahesabiwa ndani yake. Mkandarasi akihesabu malori, mathalani 10 ya mita 10 kila moja, kisha akazidisha kwa kiwango kile kile, umelipia uvimbe mara mbili. Amueni mapema: ama mnapima shimo, ama mnahesabu malori kwa kiwango cha lori. Kuchanganya hivi viwili humfaa mmoja tu.

Mwamba una shida yake. Mkataba uwe na kiwango tofauti cha kuchimba mwamba, na useme mwamba ni nini: kile kisichong'oka kwa sururu na mtaimbo, kinachohitaji kompresa au mashine ya kuvunjia. Bila tafsiri hiyo, kila jiwe kubwa litaitwa mwamba. Vipimo vichukuliwe na pande zote mbili shimo likiwa wazi, kwa gridi ya mita 3 kwa 3, kimo cha ardhi kabla ya kuchimba na baada, picha zikionyesha futi ya kupimia, karatasi ikitiwa sahihi siku hiyo hiyo. Mawe yakishamwagwa, ushahidi umezikwa.

Dawa ya yote haya ni nafuu mno. Kabla ya kusaini, chimba mashimo matatu ya majaribio, mawili kwenye pembe zinazotazamana na moja katikati ya nyumba itakapokaa, mpaka murram au mita 2. Ni kazi ya vibarua ya siku moja au mbili. Yakipita mita 1.5 yasiachwe bila kuzuiwa kingo, na yazungushiwe uzio. Matokeo yaandikwe kwenye mkataba: bei imejengwa juu ya kina kadha, na kila sentimita 10 zaidi au pungufu itahesabiwa kwa viwango hivi. Mkandarasi anayekataa mashimo ya majaribio anajua anachokikataa.

Ukishatoka msingini, neno utakalolisikia zaidi ni "saruji imepanda". Sababu za kupanda zipo kweli. Julai 2023 VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 ikawa 16. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ikaleta tozo kwa klinka (malighafi ya saruji) na vyuma ghafi vinavyoingizwa nchini. Shilingi nayo iliporomoka hadi dola moja ikabadilishwa kwa takriban 160 Januari 2024, kisha ikarudi karibu 130 baadaye mwaka huo. Bei za mafuta hutangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati, tarehe 14 ya kila mwezi, na dizeli ikipanda, lori la mchanga kutoka Machakos au kokoto kutoka Mlolongo huongezeka bei bila kuchelewa.

Lakini piga hesabu. Tuseme nyumba yetu inakula mifuko 600 ya saruji, na kila mfuko umepanda kwa shilingi 80: ni shilingi 48,000. Vyuma tani 2.5 vikipanda shilingi 12 kwa kilo: 30,000. Vyote viwili, 78,000, ni chini ya asilimia moja na nusu ya milioni 5.4. Kwa hiyo barua inayosema "kutokana na kupanda kwa saruji na vyuma tunaomba nyongeza ya shilingi 600,000" haiwezi kuwa inasema ukweli wote. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba mkandarasi alikisia chini ili apate kazi, na sasa soko linabebeshwa lawama.

Upande wa pili nao usemwe. Mteja anayejivunia kwamba "bei haipandi hata senti" amenunua hatari nyingine, kwa sababu bei isiyoweza kupanda hushukia kwenye zege. Slabu ya chini, yaani sakafu ya zege, ya mita za mraba 120 yenye unene wa milimita 150 ni mita za ujazo 18. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) inahitaji takriban mifuko 115 ya kilo 50. Ukifanywa 1:3:6, ni kama mifuko 79. Mifuko 36 iliyookolewa kwa bei ya 750 ni shilingi 27,000 tu, na kwa pesa hiyo umepata slabu dhaifu ambayo hakuna atakayeiona chini ya vigae. Kwenye vyuma ujanja ni uzito: chuma cha D12 (kipenyo cha milimita 12) cha urefu wa mita 12 kinapaswa kuwa karibu kilo 10.7, hivyo vipande 100 vikae karibu kilo 1,066 kwenye mizani. Vikija pungufu sana, bei imeshapanda, umelipa kwa njia nyingine. Hesabu mifuko mitupu siku ya kumwaga zege, na utoe vipande vya zege vya kupimwa maabara siku ya 7 na ya 28.

Kwa sababu hiyo hatupendekezi bei iliyofungwa kabisa kwa kazi inayozidi miezi sita hivi. Tunapendekeza orodha ya bei za mwanzo, na kama mkataba ungeruhusiwa kuwa na kiambatisho kimoja pekee, kingekuwa hicho. Ni karatasi yenye vitu visivyozidi kumi: saruji kwa mfuko, vyuma kwa kilo kwa kila ukubwa, mchanga na kokoto kwa tani, mawe ya mashine kwa futi, mabati kwa geji, mbao kwa futi, dizeli kwa lita. Kila kimoja kina bei ya tarehe ya kusaini, duka lililotoa bei hiyo, na kiasi cha juu kinachotarajiwa kutumika. Kiasi hicho cha juu ni muhimu kama bei, la sivyo utalipa tofauti kwa mifuko iliyoenda saiti nyingine. Kisha masharti: mabadiliko yasiyozidi asilimia 5 humezwa na mkandarasi, yanayozidi hapo hulipwa tofauti ya bei tu, bila faida juu yake, bei ikishuka, mteja hurudishiwa kwa kipimo hicho hicho. Aliyenunua vigae vya kutoka nje mwishoni mwa 2024 kwa mkataba unaojua kupanda peke yake alilipia dola ya 160 wakati dola haikuwa 160 tena.

Ongeza sharti la muda. Kama slabu ilipaswa kumwagwa Machi na mkandarasi akaimwaga Julai kwa uzembe wake, kupanda kwa bei kati ya Machi na Julai ni mzigo wake. Kama mteja ndiye aliyechelewesha malipo, mzigo ni wa mteja. Bila ratiba ya kazi iliyotiwa sahihi, sharti hili halina meno.

Kuna wanaotaja Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, inayokataza bei ya mkataba kupanda ndani ya miezi 12 ya kwanza. Hiyo ni ya miradi ya serikali. Haifungi nyumba yako mpaka muiandike wenyewe.

Umaliziaji hauna siri kubwa, ila ndipo mteja mwenyewe anapopandisha gharama. "Vigae vya kiwango cha kawaida" ni bei gani? Kama mkandarasi alihesabu 1,500 kwa mita ya mraba na wewe ukapenda vya 2,800 pale dukani, sakafu ya mita 100 pamoja na asilimia 10 ya kukatika ni mita 110, na tofauti ya 1,300 inazaa shilingi 143,000. Milango, masinki, kabati za jikoni na taa ni hivyo hivyo. Dai kila kitu kiwe na bei ya kikomo kwa kipande au kwa mita, ili ukizidisha ujue unazidisha kiasi gani, na ukipunguza urudishiwe.

Ratiba ya malipo ndiyo iliyoushushia mkataba alama zaidi. Muundo unaojirudia ni asilimia 40 mwanzoni, 30 kwenye linta (boriti ya juu ya milango na madirisha), 20 kwenye paa, 10 mwishoni. Kwa nyumba yetu hiyo 40 ni shilingi milioni 2.16 kabla ya jembe kugusa ardhi, ilhali msingi hadi slabu ya bangalo kwenye ardhi njema kwa kawaida haufiki robo ya gharama yote. Pesa ikitangulia kazi, mazungumzo ya nyongeza huwa mafupi: ongeza, au mafundi waondoke. Dai malipo ya mwanzo yasizidi asilimia 10, kisha lipa kazi iliyopimwa kwenye slabu, linta, paa, plasta, umaliziaji na makabidhiano, ukizuia asilimia 10 ya kila malipo. Nusu ya kilichozuiwa itoke siku ya makabidhiano, nusu baada ya miezi sita ya kuangalia kasoro. Wanaojenga kwa mkopo wajue kwamba benki hutoa pesa kwa hatua, na nyongeza ambayo haikuwa kwenye makadirio yaliyoidhinishwa itatoka mfukoni mwako. Weka akiba ya asilimia 5 hadi 10 kwenye akaunti yako mwenyewe. Ikiandikwa ndani ya bei ya mkandarasi, ihesabu kuwa imeshatumika.

Njia nyingine za kujenga zinasimamaje kwa kulinganisha? Fundi wa kulipwa kazi tu, wewe ukinunua vifaa, hukuonyesha kila bei inavyopanda kwa sababu unalipa mwenyewe kaunta. Ni sawa kwa mwenye muda wa kukaa saiti. Kwa aliye kazini Upper Hill kutwa, au ughaibuni, kinachopotea usiku huzidi kilichopanda sokoni. Alama 5.

Mkataba kamili wa fomu ya Joint Building Council ya 1999, wenye BQ, msanifu majengo na mkadiriaji majenzi, tunaupa 8. Mabadiliko hutolewa kwa maandishi na msanifu, mkadiriaji huyapa thamani kwa viwango vya BQ, kupanda kwa bei kuna kifungu chake, na malipo hutoka kwa hati. Tumeunyima mbili kwa sababu ni mzito kwa bangalo, na kwa sababu wengi huisaini fomu hiyo bila kumlipa msanifu wa kuisimamia, ambalo ni gari lisilo na dereva. Njia ya katikati ipo: mkadiriaji aliyesajiliwa na BORAQS, bodi ya wasanifu na wakadiriaji, akuandalie BQ, kisha mkubaliane malipo kwa ziara nne au tano za kupima kazi kabla ya kila awamu. Hiyo ikipandikizwa kwenye mkataba wa bei moja pamoja na ule ukurasa wa masharti, ndipo zile alama 7 zinapopatikana. Usajili wa mkandarasi nao uthibitishwe NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi, kabla ya lolote.

Kipengele ambacho ukurasa wa nyongeza usikikose ni hiki, na waweza kukinakili: "Hakuna kazi ya ziada itakayolipwa isipokuwa kwa hati ya mabadiliko iliyotiwa sahihi na pande zote mbili kabla ya kazi kuanza, ikionyesha kiasi, kiwango, jumla na siku zinazoongezeka. Hatari ya ghafla kwa watu au jengo inaweza kushughulikiwa mara moja, na hati ifuate ndani ya siku 3." Ujumbe wa simu unaosema "sawa, endelea" ni shida kwa sababu unakubali kazi bila kutaja bei. Wasimamizi wa saiti wanalijua hilo, ndiyo maana maswali mengi ya nyongeza huja kwa simu saa kumi na moja jioni, zege likiwa tayari kuchanganywa. Jibu lenye usalama ni: "Nitumie kiasi na kiwango kwa maandishi, nitajibu kesho asubuhi."

Barua ya nyongeza ikifika, usiikatae wala kuikubali. Jibu kwa maandishi ukiuliza ni kifungu gani cha mkataba, kiasi gani, kiwango gani, na uambatishiwe risiti pamoja na karatasi za kupokelea mzigo zenye tarehe na jina la saiti yako. Gawanya dai mafungu matatu: ardhi, bei za soko, mabadiliko uliyoomba. Lisiloingia kwenye fungu lolote ni makosa ya makadirio ya mkandarasi, na hayo ni yake. Sehemu isiyo na ubishi ilipe kwa wakati, kwa sababu kuizuia pamoja na yenye ubishi humpa sababu ya kusimamisha kazi. Kama nyongeza inagusa nguzo, boriti au unene wa slabu, mhandisi atoe mchoro mpya wenye sahihi. Neno la fundi kwamba "chuma lazima kiongezwe" halitoshi, na neno lake kwamba kinaweza kupunguzwa halitoshi zaidi.

Mkishindwa kuelewana, soma kifungu cha migogoro ambacho karibu kila mkataba hunakili bila kufikiri. Kikisema usuluhishi wa mwamuzi binafsi, upande mwingine unaweza kuiomba mahakama isimamishe kesi kwa mujibu wa Sheria ya Usuluhishi ya 1995, na kwa ugomvi wa laki mbili ada za mwamuzi zinaweza kuumeza ugomvi wenyewe. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na sheria yake inataka uamuzi ndani ya siku 60. Andika kwamba ugomvi usiozidi kiasi hicho uende huko, na mkubwa kuliko hapo ndio uende kwa mwamuzi.